Uso wa Bibi Yusta

1

Mgeni wa mia nne na kumi na mbili alikaa kwa Bibi Yusta Mahenge sekunde kumi na moja, akaondoka.

Nilimfuatilia tangu anaingia. Mwanamke wa makamo, yuko kwenye foleni mahali fulani, kavaa miwani ya kukodi inayomteleza puani. Alipita kwenye ukurasa wetu wa mbele bila kusoma hata mstari mmoja, akabonyeza kitufe cha "Piga hodi". Huko Makete, kwenye nyumba ya mwisho kabla mgongo wa mlima haujashuka, pazia lililotundikwa ukutani kwa Bibi Yusta likawaka. Mgeni akatokea pale sebuleni, wima, kimo chake halisi. Bibi akaweka kisu chini, akafuta maji ya viazi kwenye khanga.

"Karibu, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ni mtoto wa nani?"

Hapo ndipo wote walipokuwa wakiondokea. Wengine walicheka kidogo kwanza, wengine walijifanya mtandao umekatika. Huyu alivua miwani tu. Bibi Yusta alibaki akiliangalia pazia likizima, kisha akarudi kwenye viazi vyake, na mimi ofisini Njombe nikaandika: sekunde 11, hakujiunga.

Shirika letu linaitwa Hodi. Wakati huo tulikuwa watu wawili. Mwalimu Obeid Chaula ndiye mwasisi, amestaafu, anaishi Lupila na hataki kuhama. Mimi, Levina Ngajilo, ndiye fundi wa tovuti, na pia katibu, na pia mfagiaji. Kazi yetu ni kuwatafutia majirani wazee wanaoishi peke yao milimani, maana vijana wamekwenda kwenye migodi ya gesi ya heli na kwenye miji inayoelea, na nyumba zimebaki na mtu mmoja mmoja. Jirani hatoi kitu ila saa moja kwa wiki. Anapiga hodi, anakaa na mzee, wanaongea. Basi.

Lakini saa hiyo moja ni kubwa kuliko inavyosikika. Sheria ya makazi inasema mzee aliyepita miaka themanini asiye na jirani aliyeandikishwa kwa siku tisini, anahamishiwa kwenye Makazi ya Pamoja bondeni. Nimewahi kufika huko. Ni safi, kuna joto, wazee wamekaa kwenye viti vilivyopangwa mstari na hakuna anayemuuliza mwenzake kitu. Bibi Yusta alikuwa na siku kumi na tisa. Nyuma yake walikuwapo wengine thelathini.

Msidhani nilikuwa nimekaa tu. Tovuti niliyoikuta ilikuwa na historia ya shirika, aya kumi na nne, zilizoandikwa na Mwalimu mwenyewe kwa mkono wake wa ualimu, na chini kabisa kitufe kidogo cha kijivu: "Unga mkono dhamira yetu." Ilinichukua miezi mitatu kumshawishi tuziondoe.

"Mwalimu, mgeni hasomi."

"Basi afundishwe kusoma."

"Mwalimu, mgeni anataka kumwona mtu mmoja, na kujua afanye nini. Mtu mmoja, kitufe kimoja."

"Na dhamira?"

"Dhamira ndiyo huyo mtu."

Siku ya tano akaniambia nizihifadhi aya zake mahali, zisipotee. Nikazihifadhi. Nikaweka picha kubwa ya mlango wa Bibi Yusta na neno Hodi, na wageni wakaongezeka kutoka sita kwa wiki hadi sitini. Waliingia, wakasalimiwa, wakaondoka. Nilikuwa nimewafikisha mlangoni, basi.

2

Mizani nilipewa na mtu niliyesoma naye, anayetengeneza tovuti za kuuza viatu. Ni programu inayokaa katikati, kati ya mgeni na anayetazamwa. Inasoma miwani ya mgeni: jicho limetua wapi, pumzi imebadilika lini, ni neno gani lililomfanya atake kuondoka. Halafu inachelewesha mawasiliano kwa sekunde tatu, muda inaouziba kwa tabasamu mtu asiuhisi, na katika sekunde hizo inarekebisha.

Niliiunganisha Jumatatu asubuhi, ukungu umeziba dirisha lote la ofisi. Kufikia mchana ilikuwa imesoma rekodi zote za wageni mia nne na kumi na mbili, ikaniletea visanduku viwili.

Cha kwanza: "Ondoa kinachofukuza wageni." Nikakiwekea alama bila kufikiri. Nani anataka kufukuza wageni?

Cha pili: "Mfanano." Kilikuwa na mstari wa kuvuta, kuanzia sifuri hadi mia. Maelezo yake yalikuwa mafupi. Mgeni anapoingia na miwani yake, anaingia na picha na sauti za miaka yake yote, na ruhusa ya kuzisoma ameshaitoa siku aliyoiwasha miwani, kama sote tulivyoitoa. Mizani inatafuta humo mtu aliyempenda ambaye haonekani tena kwenye picha za karibuni. Kisha inamwazima mzee kidogo cha mtu huyo: upana wa paji la uso, namna ya kuvuta herufi. Kwenye thelathini, maelezo yalisema, mgeni hajui kitu. Anahisi tu kwamba anamfahamu.

Kila ninachokiweka kwenye tovuti nakijaribu mwenyewe kwanza. Nikavaa miwani, nikavuta mstari hadi thelathini, nikafungua rekodi ya zamani ya Bibi Yusta akieleza jinsi ya kuhifadhi viazi wakati wa baridi kali.

Nililelewa na shangazi yangu, Tulizo, dada wa baba. Amekufa miaka tisa iliyopita. Yule kwenye miwani alikuwa Bibi Yusta, khanga yake ileile, pengo lake lilelile la mbele. Lakini aliposema "viazi havitaki mwanga," alilibana lile neno mwanga mwishoni, na mimi nikatoa sauti ambayo sikuwahi kujua ninayo.

Rekodi ilikuwa ya dakika sita. Niliirudia mpaka betri ya miwani ikaisha. Nilipoivua, ofisi ilikuwa vilevile, kikombe kimoja, kiti kimoja, jiko la umeme linalotoa harufu ya vumbi. Nilikuwa nimeishi humo miaka minne bila kuhisi upweke. Siku hiyo niliuhisi sana.

Sikuhitaji ushahidi mwingine. Nikaacha mstari kwenye thelathini, kwa wazee wote thelathini na mmoja, na sikumwambia mtu.

3

Siku ya kwanza walijiunga majirani wanne. Siku ya pili kumi na tisa. Mwalimu alipiga simu kutoka Lupila akishangilia kama mtu aliyefunga goli.

"Levina! Ni ile picha ya mlango, eh?"

"Ni mambo mengi, Mwalimu."

"Mimi nilisema tangu mwanzo picha ile ni nzuri." Hakuwa amesema kitu kama hicho.

Jirani wa Bibi Yusta alipatikana zikiwa zimebaki siku kumi na moja. Danstan Kiwelu, miaka thelathini na nane, mtu wa mitambo kwenye migodi ya heli huko Rukwa. Alipiga hodi saa nne asubuhi, baada ya zamu, na uso wake una alama ya kinyago cha hewa. Akakaa saa nzima. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa. Fomu inadai saa moja kwa wiki. Yeye alikuwa anakuja kila siku.

Wiki ya pili Bibi Yusta alinipigia. Simu yake ilikuwa ya sauti tu, kwa hiyo tulikuwa tumeongea mara nyingi bila yeye kuniona.

"Levina, mwanangu, huyu kijana mliyeniletea."

"Ndiyo, Bibi. Ana shida gani?"

"Hana shida. Ana adabu, sauti yake ya upole. Ila hajibu salamu."

"Hajibu vipi?"

"Namuuliza, wewe ni mtoto wa nani? Ananiambia chakula cha kambini kibaya. Namuuliza kwenu ni wapi, mvua imenyesha? Anacheka, ananiambia nimefanana na watu wa kwao. Watu gani hao? Wiki mbili, Levina. Wiki mbili nimeongea na mtu nisiyejua ni nani. Na kiti sijamwekea bado."

Kwetu huko milimani, mgeni hapewi kiti kabla hajajieleza. Si ukali. Unamuuliza ni mtoto wa nani, kwao wapi, wazazi wapo, mashamba yanaendeleaje, na akishajibu ndipo anakuwa mtu, unamvutia kiti, mnaanza. Asiyejibu bado yuko mlangoni, hata kama ameshaingia hadi jikoni.

Nilifungua rekodi kutoka upande wa jikoni, ndivyo tunavyouita upande wa mafundi, ambako hakuna kuchelewesha wala mfanano. Bibi aliuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" Kwa Danstan swali halikufika. Mizani ilikuwa imelikata, ikaweka tabasamu na "karibu, mwanangu" mahali pake. Kinachofukuza wageni kilikuwa kimeondolewa, kama nilivyoomba. Mimi, binti wa Ngajilo niliyekuzwa kwa salamu hizohizo, nimetumwa maji mara ngapi na shangazi huku mgeni bado anaulizwa habari za babu yake! Niliona aibu kiasi cha kushindwa kunywa chai.

Kisanduku cha kwanza nilikifuta palepale. Kesho yake swali lilipofika, Danstan alishtuka kidogo, akajibu vizuri tu. Mtoto wa Kiwelu wa Kibosho, mama amefariki, mvua hajui, huko chini hakuna mvua. Bibi akamvutia kiti kilichokuwa ukutani, akakiweka mbele ya pazia. Danstan akaketi huko kwake. Nikajisifu kwamba nimetengeneza.

Kisha akasema, "Bibi, nimepata likizo. Nakuja kukuona. Nakuja mwenyewe, kwa miguu yangu."

Bibi Yusta alipiga kigelegele, peke yake, ndani ya nyumba ile.

4

Nilimpigia Mwalimu, nikamweleza yote: mfanano, thelathini, sekunde tatu. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilimsikia akifunga mlango, ingawa kwake hakuna mtu wa kusikia.

"Akifika atamkuta nani?"

"Atamkuta Bibi Yusta, Mwalimu. Mtu asiyemjua."

"Na ukimwambia ukweli leo?"

"Akiondoka, hesabu inaendelea ilipoishia. Zimebaki siku kumi na moja."

"Na wale wengine?"

"Wote wamepatikana kwa njia hiyohiyo."

Alikohoa. "Mimi nimefundisha miaka thelathini na sita, nimewachapa watoto kwa uongo mdogo kuliko huo. Lakini nimewaona pia wanavyopandishwa lile gari la bondeni, Levina. Mmoja alishika mlango wake hadi bawaba ikang'oka. Sijui nikuambie nini. Sijui, mwanangu."

Niliamua mwenyewe, na sikuamua kwa ushujaa. Niliamua kwa sababu nilimwona Bibi Yusta, kutoka upande wa jikoni, akipaka chokaa ukuta wa chumba cha mgeni.

Saa nne Danstan alipopiga hodi, nilijiunga kwa sauti. Nilijitambulisha kwa wote wawili, nikaeleza. Nilieleza vibaya, kwa maneno mengi, nikirudia rudia. Kisha nikavuta mstari hadi sifuri.

Danstan alimtazama Bibi Yusta. Alimtazama kama mtu anayetafuta nambari ya nyumba. Niliuona uso wake ukifungika.

"Alikuwa anaongea kama mama," alisema. "Nilijua ni bahati tu. Nilisema, duniani watu hufanana." Akageukia upande ilikotoka sauti yangu. "Wewe dada, ulikuwa unatuangalia muda wote huu?"

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unaona nini?"

"Nilikuwa nawaona ninyi. Kama mlivyo."

Alivua miwani. Bibi Yusta alikaa na mikono mapajani mbele ya kiti kitupu.

"Ameudhika," alisema.

"Ameniudhikia mimi, Bibi. Si wewe."

"Mimi ndiye niliyeangaliwa, mwanangu. Ni uso wangu uliomchosha."

Nililia, na kwa kuwa nilikuwa sauti tu alinisikia vizuri, akaninyamazisha yeye.

Siku ya tatu ujumbe wa Danstan ukaja. Ulikuwa mfupi. "Najua sasa. Nimejaribu kukaa bila. Huku chini hakuna mtu. Naomba unirudishie uso ule, nitakuja kila siku, nitajiandikisha hata miaka kumi. Ila kusafiri sitasafiri."

5

Uso haukuwa wangu kuutoa. Nilimpigia mwenye nao, nikamsomea ujumbe neno kwa neno, nikijiandaa kusikia hapana. Nilitaka aseme hapana, nakiri. Angesema hapana ningejua pa kusimama.

Bibi Yusta aliniomba niusome tena.

"Hiyo mashine yenu," alisema, "inafanya kwa upande mmoja tu?"

"Una maana gani, Bibi?"

"Yeye anamwona mama yake. Na mimi je? Mimi nina Ezekia."

Ezekia alikuwa mwanawe wa pekee. Alifukiwa na kifusi mgodini akiwa na miaka ishirini na sita, yapata miaka thelathini sasa. Kilichobaki ni picha moja ya pasipoti iliyokatika pembe. Mizani haihitaji zaidi ya picha moja. Sauti iliikisia, na Bibi mwenyewe akaisahihisha kwenye simu, jioni nzima, bila kuchoka: nene zaidi, hapana, imezidi, punguza kidogo, hapo. Aliposema hapo, sauti yake mwenyewe ilikuwa imebadilika. Kwake niliweka mia, si thelathini. Alitaka mia. Na kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa akimtembelea, niliweka pazia lake limwoneshe Ezekia kila hodi itakapopigwa.

Saa nne asubuhi Danstan alirudi.

"Umekula?" Bibi aliuliza, hata kabla ya salamu.

"Nimekula, mama."

Hakumuuliza ni mtoto wa nani. Nilikuwa upande wa jikoni, nikiwaona kama walivyo: bikizee wa Makete na mtu wa mitambo wa Kibosho, wakicheka, kila mmoja akimtazama mtu aliyesimama kidogo nyuma ya mwenzake. Walikuwa na furaha. Siwezi kusema walikuwa wakijifanya, walikuwa na furaha kweli. Mkaguzi wa makazi alipita Ijumaa, akaona jirani yupo, saa zimezidi, akagonga muhuri. Bibi Yusta akabaki nyumbani kwake.

Mwalimu naye alipata usingizi. "Mradi wote wawili wameridhia, uongo umekwisha," aliniambia. "Sasa tuwaulize wote, waziwazi. Wazee na majirani. Weka kwenye ukurasa wa mbele, Levina. Mtu mmoja, kitufe kimoja, si ndivyo ulivyonifundisha?"

Wale thelathini waliulizwa, pamoja na majirani wao. Waliokataa ni wawili.

Nikatengeneza ukurasa mpya. Niliondoa picha ya mlango. Niliacha eneo lote jeupe, na katikati kisanduku na swali: "Ungependa kumwona nani?" Nimetengeneza tovuti miaka kumi na saba na ninajua kazi nzuri nikiiona. Hiyo ilikuwa bora kuliko zote. Nilijua watu wangekuja kwa maelfu, na hakuna mzee wa milimani atakayepelekwa bondeni tena, na hakuna atakayemjua hata mmoja wao.

Kabla ya kuitoa hewani ilibidi niijaribu. Ilikuwa saa mbili asubuhi, ukungu haujapanda. Nikavaa miwani. Swali likanisubiri. Vidole vilishaandika T ya Tulizo. Nikaifuta, nikaandika: Yusta Mahenge.

Mizani ilifikiri kidogo, ikajibu: "Mfanano hauhitajiki." Mlango ukafunguka.

Sikuwahi kusimama sebuleni kwake. Kutoka upande wa jikoni mtu huona kila kitu kidogo, kutokea juu kwenye kona. Sasa nilikuwa mbele yake, kimo changu halisi. Alikuwa na kovu kwenye kidevu nisilowahi kuliona. Jicho la kushoto lilikuwa na ukungu, la kulia jeusi, kali. Hakufanana na mtu yeyote duniani. Nikafungua mdomo nimwambie shikamoo Bibi, ni Levina, mtoto wa Ngajilo, kwetu Njombe, shangazi alifariki, mvua imenyesha, nimekuja kukuona wewe.

Pazia likawaka mbele yake, na uso wake wote ukawaka nalo. Nikakumbuka nilivyoliweka pazia lile.

"Ezekia!" alisema, akiinuka, viazi vikimporomoka mapajani. "Leo umewahi!"

Akavuta kiti mwenyewe, akakipangusa kwa khanga yake, akakisogeza karibu kabisa. Nilikitazama. Kisha nikaketi.

"Ndiyo, mama," nilisema, na sauti yangu ikafika kwake ikiwa nene, vilevile alivyoitaka. "Leo nimewahi."